Kwenda Lamu Kujifunza Nyuki: Mwongozo wa Mwanafunzi Anayevuka Mpaka

Mwongozo huu ni wako wewe unayesomea ufugaji nyuki, misitu au kilimo Tabora, Morogoro, Unguja, Kampala au kwingineko nje ya Kenya, na umepata au unatafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwenye shamba la visiwani Lamu. Mwanafunzi wa Nakuru au Machakos naye asome. Akiruka sehemu ya uhamiaji, mengine yote yanamhusu.

Chuoni umezoea nyuki wa bara: miombo, migunga, mzinga juu ya mti, kijito hakiko mbali. Lamu nyuki ni wale wale wakali unaowajua, ila karibu kila tatizo utakalokumbana nalo lina maji ndani yake. Maji matamu ni haba, kwa hiyo nyuki huyafuata majumbani mwa watu. Maji ya bahari hujaa na kupwa, na ndiyo yatakayokupangia saa ya kwenda kazini. Hewa nayo ina unyevu mwingi, na unyevu huo huingia kwenye asali ukizubaa kidogo tu. Mwanafunzi anayefika akijua kupanga fremu lakini hajui bamvua ni nini atakuwa mzigo kwa mwenyeji wake.

Kwa nini basi ujisumbue kwenda? Kwa sababu zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Kaunti ya Lamu, na mikoko ni malisho ya nyuki. Utakuta mchu, mkoko wenyewe, muia, mkandaa na mlilana, kila mmoja na msimu wake wa maua. Nyuma ya mikoko kuna minazi, miembe, mikanju na mikwaju. Ukivuka kwenda bara, Witu na Mpeketoni, kuna simsim, pamba na mirangi. Ni mahali pachache Afrika Mashariki ambapo utaonja asali ya maji ya chumvi na asali ya shamba la simsim katika wiki moja.

Kabla hujafunga mizigo

1. Pata maandishi. Barua ya chuo haitoshi. Taka barua ya shamba au kikundi kinachokupokea, kisha mwandikiane makubaliano mafupi: saa za kazi, mahali pa kulala, nani analipia boti, nani ana bima, na asali utakayoivuna ni ya nani. Kipengele cha boti ndicho wanafunzi husahau, nacho ndicho hula pesa nyingi kuliko chakula.

2. Maliza mambo ya uhamiaji. Kenya iliacha viza ya kawaida mwanzoni mwa 2024 na kuweka idhini ya kusafiri inayoombwa mtandaoni, eTA. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawaihitaji. Lakini kuruhusiwa kuingia nchini si kuruhusiwa kufanya kazi, hata isiyo na mshahara. Iulize Idara ya Uhamiaji pasi inayomfaa mwanafunzi wa mafunzo kazini, na uombe ukiwa bado nyumbani. Ukitoka Uganda au nchi nyingine yenye homa ya manjano, beba cheti cha chanjo.

3. Kama utakusanya data, omba kibali cha utafiti. Kinatolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Kuhesabu mizinga ya mwenyeji kwa ajili ya daftari lako la mafunzo ni jambo moja. Kuhoji wafugaji vijiji vitano ili uandike tasnifu ni jambo jingine.

4. Mwone daktari. Kama umewahi kudungwa na nyuki ukavimba mbali na pale palipodungwa, ukatokwa na vipele mwili mzima au ukakosa pumzi, mweleze. Huenda hii si kazi yako, na ni heri ulijue hilo hospitalini kuliko kwenye tope la mikoko.

5. Safisha vifaa vyako, au usivibebe kabisa. Utitiri wa varoa ulithibitishwa Kenya na Tanzania mwaka 2009, na magonjwa ya nyuki husafiri kwa masega, fremu na vifaa vilivyotumika. Fua ovaroli, chemsha glavu, sugua patasi. Usivuke mpaka na sega wala nyuki, uwe unakwenda au unarudi.

> KISANDUKU: MASWALI YA KUMUULIZA MWENYEJI KABLA HUJAKUBALI
> - Mizinga iko mingapi, na mingapi ina nyuki leo?
> - Iko mikokoni, shambani, au kote kuwili?
> - Mara ya mwisho mlivuna lini? (Asiyekumbuka hana daftari, jiandae kuanzisha.)
> - Maji matamu yanatoka wapi wakati wa kiangazi?
> - Kuna mavazi ya kinga ya ziada yanayonitosha?
> - Zahanati iliyo karibu iko umbali gani kwa boti, usiku?
> - Jirani wa karibu anafuga nini?

Maswali ya asali na soko yanaweza kungoja. Hayo saba hayangoji.

Kufika

Kwa barabara utapitia Mombasa, Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti mpaka Amu, yaani mji wa Lamu. Safiri mchana, na ulizia hali ya usalama ya njia ya Garsen hadi Mokowe siku ile ile. Kuna nyakati magari husindikizwa na polisi. Ndege hutua Manda, na hapo pia utamalizia kwa boti. Ukipangiwa kisiwa cha Pate utashukia Mtangawanda au Faza. Mji wa Pate wenyewe hufikiwa vizuri maji yakiwa yamejaa tu, kwa hiyo usimwahidi mtu saa ya kufika.

Ukifika, salimia kwanza, kazi baadaye. Wazee waite Ami au Mwalimu kama wenyeji wanavyowaita, mama mwenye nyumba Bi au Mama. Mwenyeji wako akupeleke kwa mzee wa mtaa na kwa ofisi ya mifugo ya kaunti kabla hujagusa mzinga. Mgeni anayeonekana jioni amevaa nguo nyeupe na wavu usoni, akitoa moshi vichakani, huzua maneno mji mzima.

Kujifunza saa za maji

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kwa siku. Kwa hiyo ratiba ya chuo ya "ukaguzi kila Jumanne saa moja asubuhi" haitekelezeki mikokoni. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kuna bamvua, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu kuna maji mafu, bahari hutulia. Kalenda nzuri ya kazi hii iko ukutani mwa kila nyumba ya Lamu: karibu na tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu tegemea bamvua, karibu na tarehe 8 na 22 tegemea maji mafu.

Weka akilini pia pepo. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki katikati ya mwaka na bahari huchafuka. Kaskazi huja kutoka kaskazini-mashariki mwishoni mwa mwaka. Mlango wa mzinga ukielekea magharibi au kaskazini-magharibi unakuwa umepewa kisogo pepo zote mbili. Kisha utafutie kivuli kwa ajili ya jua la alasiri.

Kukagua mzinga ulio mikokoni, hatua kwa hatua

Wafugaji wengi wa pwani hutumia mzinga wa pau za juu, uliotengenezwa Kenya miaka ya 1970 na kujulikana kwa herufi KTBH. Wengine wana Langstroth, na wapo wenye mizinga ya magogo. Hatua hizi ni za mzinga wa pau.

1. Siku moja kabla, uliza maji. Muulize mvuvi, usimuulize mwanafunzi mwenzako. Programu za simu zinasaidia, lakini mvuvi anakijua kijito hicho.

2. Chagua upande wa maji. Ukienda kwa miguu, ingia maji yakiwa yanapwa, upate muda wa kutosha kabla hayajarudi. Ukienda kwa mtumbwi, ingia yakiwa yanajaa. Ukikwama, maji yanayokuja yatakuinua. Ukikwama yakipwa utalala hapo.

3. Tafuta njia ya kutokea kabla hujawasha moto. Hili ndilo jambo ambalo vitabu vya bara havilitaji. Kwenye tope la magoti huwezi kukimbia nyuki. Kutumbukia majini hakusaidii pia, kwani watakungoja juu. Tia alama kwa vitambaa njia yenye mizizi imara, itembee mara mbili mikono mitupu, ndipo urudi na vifaa.

4. Washa bomba la moshi kwa makumbi ya nazi yaliyokauka. Yanashika moto taratibu na moshi wake ni mzito, wa baridi. Usitumie plastiki, mpira wala kitambaa chenye mafuta ya taa; asali itanuka na nyuki watakasirika.

5. Kagua waya. Chumvi hula waya wa kawaida haraka kuliko unavyodhani, na mzinga unaoanguka majini ni kundi lililokufa. Paka grisi kwenye waya kuzuia sisimizi. Oili chafu ya injini usiitumie, ingawa utaona wengine wanaitumia: inadondoka kwenye tope wanamozalia kaa na kamba.

6. Fungua kuanzia mwisho, si katikati. Toa pau tupu kwanza, kisha sogea taratibu. Unatafuta vitu vinne: mayai, majana, akiba ya asali, na maadui kama nondo wa nta na mende wa mzinga. Ukiona mayai, malkia yupo. Huna haja ya kumsaka. Dakika kumi na tano zinatosha.

7. Funga, ondoka, andika. Tarehe, hali ya maji, ua lililochanua, ulichokiona. Andika ukiwa mbali.

Kipimo kimoja usikilegezee kamwe: upana wa pau ni milimita 32 kwa nyuki wetu. Fundi akikata 35 au 38 "zionekane imara", nyuki watajenga masega yaliyopinda na kuunganisha pau mbili mbili, na mzinga hautafunguka bila kuvunja. Beba rula. Pima pau za mwenyeji wako wiki ya kwanza, na kama zimekosewa mwambie faraghani.

Mzinga ukiwekwa upya, utundike juu ya alama ya bamvua kubwa kabisa, si ya siku ile uliyofika. Usipigilie misumari kwenye mkoko. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali, chini ya Shirika la Huduma za Misitu, na kuweka mizinga humo kunahitaji ruhusa, mara nyingi kupitia chama cha jamii kinachohusika na msitu huo.

Punda, majirani na birika la maji

Hapa ndipo wageni wengi huharibu, na kosa lake halisahauliki.

Mji wa Kale wa Lamu, uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, unabebwa na punda: mchanga, mawe, maji, maharusi. Hospitali ya punda ipo hapo tangu miaka ya 1980. Punda akifungwa kamba karibu na mzinga uliochokozwa hana pa kukimbilia, na nyuki wa Afrika wanaweza kumuua. Hasara hiyo ni riziki ya nyumba nzima, na baada yake hakuna atakayekukubalia mzinga kwenye kisiwa hicho. Mbuzi na ng'ombe waliofungwa wamo hatarini vilevile.

Kwa hiyo:

- Weka mizinga angalau mita 200 hadi 300 kutoka nyumba, njia ya punda, kisima, madrasa na msikiti.
- Kabla ya kufungua mzinga wowote, tuma mtoto wa mwenyeji azunguke akiulizia kama kuna mnyama aliyefungwa karibu. Afunguliwe kwanza.
- Panda au acha kichaka kirefu kuliko mtu mbele ya mizinga, ili nyuki waruke juu ya vichwa vya wapitao.
- Fanya kazi jioni. Nyuki wote wamerudi, watu wamepungua njiani, na wakichokozeka giza litawatuliza.

Kisha maji. Mji wa Lamu hutegemea visima vya vilima vya mchanga vya Shela. Pate, Ndau na Manda watu huvuna mvua kwenye jabia. Kiangazi kikikaza, nyuki watakwenda kwenye jabia, kwenye birika la kutawadhia, kwenye mtungi wa mama anayeuza chai. Wakishazoea chanzo ni vigumu kuwaachisha. Dawa ni kuwahi: siku unayoweka mizinga, weka na beseni la maji hatua thelathini hivi kutoka hapo, lenye mawe au vipande vya makumbi vya kutulia, na lisikauke hata siku moja. Likikauka, nyuki watarudi kwa mama wa chai, au watahama kabisa. Kujaza beseni ni kazi duni ambayo mwanafunzi hupewa siku ya kwanza. Ifanye bila kununa. Ndiyo kazi ya maana kuliko zote utakazopewa.

Jambo dogo la mavazi. Udi, halwaridi na marashi makali huwachokoza nyuki, na nguo nyeusi pia. Dada anayevaa buibui avae ovaroli pana ya rangi nyepesi juu yake au badala yake, apendavyo. Manukato yangoje Ijumaa.

Kuvuna: asali isichache

Asali hufyonza unyevu wa hewa. Viwango vya kimataifa vya chakula huweka mpaka wa maji ndani ya asali ya nyuki wauma kuwa asilimia 20. Juu ya hapo hamira hupata nguvu na asali huchacha. Sundarbans, mikoko mikubwa ya Bangladesh na India, asali yake inajulikana kwa wepesi. Lamu nawe utapambana na hilo hilo.

1. Vuna sega lililofunikwa nta angalau robo tatu. Kwenye fremu ya Langstroth, itikise: ikidondosha, irudishe.
2. Usivune siku ya mvua wala kesho yake.
3. Ukivuna gizani tumia tochi yenye karatasi nyekundu. Nyuki hawaioni rangi hiyo vizuri.
4. Sega lenye majana au chavua libaki mzingani. Acha akiba pia. Anayekomba mzinga Lamu anawaambia nyuki wahame.
5. Tia masega moja kwa moja kwenye ndoo ya chakula yenye kifuniko kinachobana, na uifunge baada ya kila sega.
6. Chuja ndani ya chumba kilichofungwa, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Pima kwa refraktomita kama kikundi kinayo. Usiache chombo wazi usiku kucha, hata kimefunikwa kitambaa.

Shamba likiwa na nyuki wadogo wasiouma, asali yao ina maji mengi zaidi kwa asili na uchachu wake. Isichanganywe na hii wala isipimwe kwa kipimo hiki.

> KISANDUKU: UKIDUNGWA
> Mwiba utoe mara moja kwa kukwangua. Usipoteze muda kutafuta kibano. Fukiza moshi pale ulipodungwa, ondoka polepole, paka barafu au maji baridi.
> Hatari: midomo au ulimi kuvimba, pumzi kubana, kizunguzungu, kutapika, vipele mwili mzima. Hiyo ni safari ya hospitali sasa hivi, haingoji mtu wa kuuliza. Amu ipo Hospitali ya King Fahd. Pate ipo hospitali ya Faza. Bara ipo ya Mpeketoni.
> Kabla ya kila ukaguzi thibitisha boti ipo, mafuta yamo, na nahodha ana simu iliyochajiwa.

Msitu wa Boni

Utasikia habari za Waaweer, watu wa msitu wa Boni, na ustadi wao wa kurina asali kwa kumfuata ndege anayeitwa mlembe. Ni kweli tupu. Hussein Isack wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walipima jambo hilo kwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya, na wakachapisha mwaka 1989: bila ndege, kutafuta kiota cha nyuki kulichukua wastani wa saa 8.9, kwa kuongozwa na ndege, saa 3.2.

Usiende huko peke yako kwa udadisi. Eneo hilo limekuwa chini ya operesheni ya usalama tangu 2015, na kuingia kunahitaji idhini na mwenyeji anayejulikana. Na ukipata nafasi ya kukaa na mrinaji Mwaaweer, nenda kama mwanafunzi. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na asali ni miongoni mwa vichache walivyobakiwa navyo. Usianze kumhubiria ubora wa mizinga ya kisasa kabla hujamsikiliza.

Makosa yanayojirudia

- Kufungua mizinga kila siku kwa hamu ya kujifunza. Nyuki wetu huhama wakisumbuliwa. Mara moja kwa wiki mbili inatosha.
- Kupiga picha bandari, boti za doria au askari. Weka simu mfukoni.
- Kuleta mizinga mipya kabla ya kujua kwa nini ya zamani ni mitupu. Mara nyingi jibu ni sisimizi au maji.
- Kukaa kimya juu ya dawa za wadudu. Ukipelekwa mashamba ya pamba, muulize mkulima ananyunyiza lini, na mkubaliane anyunyize jioni.
- Kupanga kuvuna mchana wa Ramadhani. Waulize wenyeji wapendavyo. Wengi watachagua baada ya futari.

Kabla ya kuondoka

Utakachowaachia chenye faida kuliko ripoti ya chuo ni kalenda ya maua: mchu ulichanua wiki gani, mkanju lini, mnazi ulitoa nini kiangazi, mizinga ipi iliongezeka uzito na ipi ilihamwa. Iandike kwa Kiswahili, kwa mkono unaosomeka, nakala mbili. Moja ya mwenyeji, nyingine ya ofisi ya mifugo ya kaunti. Kabidhi zote mbili kabla hujapanda boti ya Mokowe, kwa sababu ukishafika kwenu hutazituma.